Prosesa Mpya ya Wendell Kivisto

Jumatatu, 6 Novemba

Mvua ya barafu tangu asubuhi. Lorna amenuna. Mimi pia nimenuna, ila mimi nina sababu.

Duane Brezina, jirani yetu, alikuja kurudisha ngazi yangu aliyoazima tangu kiangazi. Ngazi ilikuwa kisingizio. Alikuja kuniambia kwamba seva yake, ile kompyuta inayoendesha nyumba, sasa ina prosesa ya viini ishirini na vinne, kama kusema ubongo wenye vichwa ishirini na vinne. Alisema hivyo mara mbili, mara ya pili polepole, kana kwamba anamsemesha mgonjwa. Kisha akaniuliza yangu ina viini vingapi, na anajua fika kuwa ina vinane. Nikamjibu kwamba vinanitosha. Akasema ni kweli, mzee mwenzangu, kwa watu wa rika letu vinatosha kabisa. Rika letu! Ananizidi miaka mitatu na meno anaazima.

Seva yangu iko chumba cha chini, kando ya mashine ya kufulia. Niliijenga mwenyewe baada ya kiwanda cha karatasi kunistaafisha kabla ya wakati wangu. Ndani yake zinaishi kompyuta pepe kumi na tisa, yaani kompyuta zisizo na mwili, zote zikitumia prosesa moja. Moja inagawa intaneti ya nyumba. Moja inawasha taa. Moja inaongoza hita. Moja inazichunga zote, na nyingine inamchunga mchungaji. Lorna anaziita mapepo. Anasema siku tunaoana hakuna aliyemwambia kuwa atakuja kuishi na mapepo.

Jioni nilishuka kutazama prosesa inafanya kazi kiasi gani. Asilimia nne. Sikumwambia mtu.

Jumanne, 7 Novemba

Sikulala vizuri. Viini ishirini na vinne.

Wakati wa kahawa nilimfahamisha Lorna kwamba seva inahitaji prosesa mpya. Akauliza iliyopo ina ugonjwa gani. Nikamweleza habari ya mzigo wa baadaye, upanuzi, na kujiandaa mapema. Akauliza tena, iliyopo ina ugonjwa gani. Mwanamke huyu hana subira na mambo ya kitaalamu.

Mwishowe akasema nifanye nitakalo na mapepo yangu, ila saa kumi na mbili jioni isiguswe. Nikaapa.

Hiyo saa kumi na mbili ni ya Mama Aune, mama mkwe wangu. Yuko kwenye nyumba ya wazee kule Arizona, karibu na kaka yake Lorna, na kila jioni Lorna huzungumza naye kwa video. Ana miaka themanini na tisa na kumbukumbu zinamponyoka. Siku nyingi hamtambui bintiye, anamwamkia kwa adabu tu kama mtu waliyekutana dukani. Lakini siku mojamoja anamjua, anamwita jina, anamgombeza kwa Kifini kuhusu nywele zake. Siku hizo Lorna hupika huku anaimba. Hajui ni siku ipi itakuwa, kwa hiyo hakosi hata moja.

Na hapa kwetu Esko, nyuma ya huu msitu, simu za mkononi hazishiki. Kila kitu kinapita kwenye waifai, na waifai inatoka kwenye seva. Simu ya waya niliikata mwenyewe. Nilisema ni mambo ya kale.

Leo Mama Aune alimwita Lorna "dada muuguzi". Chakula cha jioni kilikuwa viazi. Hakuna aliyeimba.

Jumatano, 8 Novemba

Siku nzima ya kuchagua. Kazi ngumu, na hakuna wa kunipa hongera.

Prosesa ya kwanza ina viini kumi na sita lakini inakula umeme kama jiko. Ya pili ina kumi na viwili, ni tulivu, haina joto, inafaa. Nikaikataa. Siwezi kusimama mbele ya Duane na kutamka kumi na viwili.

Ya tatu ina kumi na sita, ni nafuu, na ina herufi ya ziada mwishoni mwa jina. Herufi hiyo maana yake haina sehemu ya kutoa picha kwenye skrini. Jambo dogo. Nani anataka kuitazama seva? Inakaa chini, inafanya kazi, inanyamaza. Kungekuwa na watu wengi wa hivyo, dunia ingekuwa na nafuu.

Niliuliza maoni kwenye baraza la mtandaoni la wenye seva za nyumbani. Majibu yalikuja mengi na hakuna mawili yaliyofanana. Mmoja alinishauri nibadilishe na bodi inayobeba prosesa, na kumbukumbu, na sanduku lake. Mwingine aliuliza matumizi yangu ya sasa ni asilimia ngapi. Nikamwambia ni siri ya kiusalama. Akanishauri nikapumzike.

Nimeagiza ya tatu.

Kisha nikabandika kwenye friji: TANGAZO KWA WATUMIAJI WOTE. Dirisha la matengenezo ni Ijumaa, saa nane hadi saa kumi alasiri. Huduma zote zitasimama. Samahani kwa usumbufu. Uongozi.

Lorna alisoma akiwa na kijiko mdomoni. Akauliza hao watumiaji wote ni akina nani, maana yeye anamwona mmoja tu, na huyo ndiye anayefua soksi za Uongozi.

Alhamisi, 9 Novemba

Imefika. Ndogo, inang'aa, inakaa kwenye kiganja. Nilimwonyesha Lorna. Akasema ni nzuri, akarudi kukanda unga.

Duane aliliona gari la mizigo na hakuweza kujizuia. Alikuja eti kuniuliza kama nitakwenda kuwinda kulungu msimu ukifunguliwa keshokutwa, na miaka kumi na minane sasa anajua siendi. Nikamwambia viini kumi na sita, vya haraka. Akasema hongera, jirani. Alisema kwa upole mno. Nimekaa jioni nzima natafuta tusi liko wapi ndani ya ile hongera, na nina hakika lipo.

Mama Aune leo hakusema kitu. Alitazama upande. Lorna alimsimulia habari za barafu ziwani mpaka muda ukaisha.

Ijumaa, 10 Novemba

Mwandiko wangu leo haufai. Nusu baridi, nusu aibu.

Saa nane kamili nilizima seva. Taa zikazimika nyumba nzima, hita ikanyamaza. Hayo yote yalikuwa kwenye tangazo. Swichi za ukutani niliziondoa mwaka juzi kwa kuwa hazikuwa na kazi tena. Lorna akawasha mshumaa, akakaa jikoni na koti lake.

Nikatoa prosesa ya zamani, nikaiweka mahali salama. Nikapaka grisi ya kupitisha joto, nikaweka mpya, nikarudisha feni, nikabonyeza. Feni zikazunguka vizuri sana. Nikasubiri. Hakuna taa, hakuna intaneti. Nikazima, nikawasha. Feni tu. Nikachomeka skrini na kibodi nione mashine inasema nini. Nyeusi tii. Lazima iwe nyeusi, nimenunua prosesa isiyotoa picha.

Saa kumi ikafika. Dirisha likafungwa, kazi ikabaki nje. Lorna akaita kutoka juu, kuulizia tumefika wapi. Nikasema dakika tano.

Nikaamua kurudisha ya zamani. Nikaitafuta mahali salama, nikasahau mahali salama ni wapi. Nikapekua meza, sakafu, ndani ya mashine ya kufulia. Nikainama kutazama chini ya kiti, ndipo nikaiona juu ya kiti. Nilikuwa nimeikalia. Ile miguu yake midogo, mamia, yote imelala upande mmoja. Nikajaribu kuinyoosha kwa wembe. Mitatu ikakatika. Nikatamka neno ambalo Lorna alilisikia.

Saa kumi na moja na nusu akashuka amevaa buti. Akasema anakwenda kwa Duane, atampigia mama yake kutoka huko, mimi niendelee taratibu. Alisema vizuri tu, bila ukali wowote. Na mimi nikamzuia. Nikamwambia asinidhalilishe, mke wangu, Duane akijua seva imelala tutakoma naye mpaka theluji iyeyuke. Nikamwambia dakika tano tu. Nilimshika mkono. Akanitazama kwa ule mwanga wa mshumaa, kisha akakaa kwenye ngazi na buti zake, akasubiri.

Zikapita dakika tano. Zikapita nyingine. Kila aliponiangalia nilisema nimekaribia, na sikuwa nimekaribia chochote. Kule jikoni saa ya betri ikagonga kumi na mbili, kitu pekee kilichokuwa kikifanya kazi katika nyumba hii. Lorna akainuka, akatoka. Nilisikia buti zake kwenye changarawe yenye barafu. Kwa Duane ni mwendo wa robo saa kama hujateleza.

Nikabaki peke yangu na feni. Nikalaza kichwa kwenye kibodi. Sikuwa na mpango, nilikuwa nimechoka.

Taa zikawaka.

Nyumba nzima! Hita ikanguruma, intaneti ikarudi. Nikasoma upesi mtandaoni kulikuwa na nini. Kumbe ukibadilisha prosesa, mashine hii huuliza swali moja mara ya kwanza inapowashwa: kuna mgeni ndani, nimkubali? Ukibonyeza herufi ya kukubali inaendelea. Usipobonyeza inangoja. Swali huandikwa kwenye skrini. Kwa hiyo tangu saa nane ilikuwa imekaa gizani inaniuliza, nami sikuwa na picha ya kuliona swali. Paji la uso wangu ndilo lililojibu.

Nimeandika kwenye kumbukumbu za seva: tatizo limetatuliwa na fundi.

Lorna alirudi saa moja kasoro, sikio jekundu kwa baridi, goti limechubuka. Nikampokea mlangoni, nikamwambia tazama, taa. Akasema alimpata muuguzi kwenye simu, lakini muda ulikuwa umepita, mama yake alikuwa ameshapelekwa kulala. Akapita, akapanda juu. Hakuvua koti.

Jumamosi, 11 Novemba

Asubuhi muuguzi wa Arizona alimpigia Lorna. Sauti ilisikika safi kabisa, laini haikukwama hata mara moja. Laiti isingesikika.

Jana ilikuwa moja ya zile siku. Tangu baada ya chakula cha mchana Mama Aune alikuwa mzima wa akili. Aliuliza huko kaskazini ni saa ngapi. Aliomba achanwe nywele. Alikaa mbele ya kioo cha simu mapema kabla ya muda, akamwita Lorna kwa jina la utotoni, jina ambalo mimi, mumewe wa miaka thelathini na nne, sijawahi kuambiwa. Simu haikulia. Akaanza kuongea hivyohivyo, na kioo kitupu. Muuguzi anasema aliongea sana, alicheka, halafu akalia kidogo. Yote kwa Kifini. Hakuna mtu pale aliyeelewa hata neno moja.

Lorna alimwuliza muuguzi kama anakumbuka neno lolote, hata sauti yake tu, hata vibaya. Muuguzi akajaribu mawili matatu. Hayakuwa maneno.

Nilimwomba Lorna msamaha. Niliomba kwa moyo wangu wote. Halafu nikaongeza kwamba kitaalamu kosa ni la waliotengeneza bodi, swali kama lile lingetolewa kwa mlio. Sijui kwa nini niliongeza. Akaniambia Wendell, nyamaza. Nikanyamaza karibu saa nzima.

Jioni alipiga simu kwa wakati. Picha safi ajabu. Mama Aune alimwamkia kwa heshima zote, akamwuliza anauza nini. Mimi nilikuwa chini nikiangalia prosesa. Asilimia mbili.

Jumapili, 12 Novemba

Lorna anakwenda Arizona. Amekata tiketi bila kuniuliza na bila kusema atarudi lini. Alioka mkate wa iliki kama mama yake alivyomfundisha, akaufunga wote kwenye taulo, akautia kwenye begi. Nikaulizia kipande cha pembeni, kile kilichoungua kidogo. Akasema kila kipande kina mwenyewe.

Kwenye njia ya uwanja wa ndege wa Duluth nilijaribu kuchangamsha mazungumzo. Nikamwambia sasa seva ina nguvu ya kutosha kuongeza kompyuta pepe nyingine ishirini. Akafungua dirisha la gari. Nje baridi inauma mpaka mifupa, na yeye amefungua dirisha.

Kwenye mlango wa kuingilia nikamwambia anisalimie mama. Akasema atamsalimia, kama atajulikana yeye ni nani. Nilimkumbatia, akaniacha nimkumbatie.

Nyumba kubwa. Sikujua kuwa ni kubwa namna hii.

Jumanne, 14 Novemba

Duane alileta nyama ya kulungu imefungwa kwenye karatasi. Amempiga dume tangu siku ya kwanza, hata hakujisifu. Nikamkaribisha kahawa. Nilijiandaa kwa kejeli zote, nilikuwa na majibu mfukoni. Hakusema neno kuhusu viini. Alisema Ijumaa ile Lorna alifika kwake anahema, goti linavuja damu, na alipoambiwa mama yake ameshalala alikaa kwenye kiti chao cha kuvulia viatu na kulia mpaka mke wake Duane naye akalia. Akaniuliza kwa nini hakuja mapema, mlango wao haufungwi.

Nikasema kulikuwa na hitilafu.

Akasema sawa, jirani. Akamaliza kahawa akaondoka. Nilijisikia vibaya kuliko kama angenicheka. Nyama sikuipika. Nimekula mkate na siagi nikiwa nimesimama.

Nimemwandikia Lorna ujumbe mara tatu. Amejibu mmoja: Mama amelala.

Alhamisi, 16 Novemba

Lorna alipiga simu asubuhi. Mama Aune hali chakula tena, anapokea maji kwa kijiko. Daktari amesema ni siku chache, pengine Jumapili asiione. Kaka mtu hafai kitu, anazunguka kwenye maegesho analia.

Halafu akasema, kwa sauti ndogo sijawahi kuisikia kwake, Wendell, njoo. Usibebe chochote, usitengeneze chochote. Njoo tu ukae nami, peke yangu siwezi.

Nililia. Sioni haya kuandika. Nimempenda mwanamke huyu tangu ana miaka ishirini na mbili na sijui kwa nini kila nikitaka kumwonyesha mkono wangu unashika bisibisi. Nikakata tiketi ya kesho asubuhi papo hapo. Nikamwambia nakuja. Akasema asante, na alisema vile alivyokuwa akisema zamani.

Nikapanga nguo. Nikazima sauna. Nikamwomba Duane anitazamie nyumba, akasema nenda, bwana, usihangaike na nyumba.

Mchana wazo likanijia nikiwa napiga mswaki. Maneno ya Lorna yalikuwa yakikatikakatika pale mwanzo. Waifai ya ile nyumba ya wazee ni mbovu, hilo ni wazi. Na Mama Aune akiongea tena, kama akiongea, nani atahifadhi? Kinachohitajika ni seva ndogo, kimya, ya kukaa chini ya kitanda chake. Igawe mtandao, irekodi kila neno, Kifini na yote. Hakuna kitakachopotea tena. Nilishangaa kwamba hakuna aliyewaza hili kabla yangu.

Swali lilikuwa moja tu, prosesa ipi. Nilikaa na majedwali mpaka saa kumi. Ya viini vinne ipo dukani Duluth, ningeichukua leo. Lakini kwa kazi nyeti kama hii, ya viini sita ni bora zaidi, na inatoa picha. Safari hii nimehakikisha inatoa picha. Mtu lazima ajifunze kutokana na makosa. Hiyo ya viini sita itafika Jumanne.

Nimesogeza tiketi mpaka Jumatano.

Nikampigia Lorna kumpa habari njema. Nilimweleza vizuri, hatua kwa hatua, pamoja na sababu za viini sita. Akanyamaza. Nikamwita, Lorna. Kimya. Nikadhani laini imekatika, nikashuka mbio chumba cha chini kukagua. Mtandao ni mzima. Seva iko hewani, asilimia moja, hakuna hitilafu yoyote.